Jeki ya Trekta Inavuja: Kabla ya Kuilaumu Sili

Trekta kuukuu likiegeshwa na oili ikaanza kudondoka chini ya jeki, kila anayepita huwa na hukumu yake. Mmoja husema sili imekwisha, ibadilishwe. Mwingine husema oili ni nyepesi mno, iwekwe nzito. Na haro ya kuvutwa, zana ya kuvunja mabonge ya udongo, iliyoachwa imeinuliwa jioni ikikutwa imelala chini asubuhi, wote husema kwa sauti moja: sili za pistoni zimekufa. Hukumu hii ya mwisho ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu mara nyingi si ya kweli. Jeki inafunguliwa, sili nzima zinang'olewa, mpya zinawekwa, na asubuhi inayofuata haro iko chini vilevile.

Sili ni kipande kidogo cha mpira au plastiki. Ikishindwa kazi, kuna kitu kilichoishinda, na kitu hicho kikiachwa palepale, sili mpya nayo itashindwa. Kwa hiyo kazi ya kutengeneza jeki inayovuja huanza kwa kujua oili imetokea wapi na kwa nini, spana ikiwa bado kwenye sanduku.

Jeki ni sindano kubwa ya chuma

Ninaposema jeki hapa nina maana ya silinda ya haidroliki: ile inayonyanyua haro, inayoinua tela la kumwaga mzigo au kijiko cha mbele cha trekta. Ili kuielewa, fikiria bomba la sindano ya hospitali. Bomba lenyewe ni mwili wa jeki. Kijiti kinachosukumwa ni rodi, ile fimbo ya chuma inayong'aa. Mpira ulio kwenye ncha ya kijiti, unaobana kuta za bomba, ni pistoni na sili yake. Tofauti ni kwamba kwenye sindano kidole husukuma kijiti ili dawa itoke, na kwenye jeki pampu husukuma oili ili rodi itoke.

Jeki ina sehemu moja ambayo sindano haina: kifuniko cha mbele kilichobana, pale rodi inapotokea. Ndani ya kifuniko hicho hukaa sili ya rodi, inayozuia oili isitoke nje. Mbele yake kuna mpira wa kufuta vumbi, ambao kazi yake ni kuzuia uchafu usiingie ndani. Kati ya kifuniko na bomba kuna oringi, yaani duara la mpira. Sili ya pistoni ni nyingine kabisa: hiyo hutenganisha oili iliyo nyuma ya pistoni na ile iliyo mbele yake. Anayeichanganya sili ya rodi na sili ya pistoni atatafuta ugonjwa mahali usipokuwepo.

Kuna jeki ya njia moja, inayosukumwa na oili upande mmoja tu na kurudi kwa uzito wa mzigo, kama ile ya tela la kumwaga. Na kuna ya njia mbili, yenye paipu mbili: oili ikiingia nyuma rodi inatoka, ikiingia mbele rodi inarudi.

Nguvu iliyomo humo si ya kuchezea. Kwenye matrekta mengi ya zamani oili hufanya kazi kwa shinikizo la kati ya kilo 120 na 200 kwenye kila sentimita ya mraba, wakati tairi la gari dogo lina kilo 2 hivi. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 80 ina uso wa kama sentimita 50 za mraba. Kwa shinikizo la kilo 150 inasukuma kwa nguvu ya tani 7 na nusu.

Haro inashuka usiku: kosa ni la nani?

Watu hueleza hivi: sili ya pistoni imekatika, oili inapenya kutoka nyuma kwenda mbele, ndiyo maana mzigo unashuka. Maelezo yanaingia akilini haraka, na ndiyo sababu yameenea. Lakini hebu tuyapime.

Chukua jeki ya njia mbili ambayo uzito wa mzigo unaisukuma rodi iingie ndani. Leva, ule mkono wa kuongozea jeki, iko katikati, kwa hiyo vali, yaani mlango wa oili kwenye trekta, imezifunga paipu zote mbili. Sasa tuseme pistoni haina sili kabisa, oili inapita mbele na nyuma inavyotaka. Je, rodi itaingia? Ili iingie, chuma cha rodi lazima kipate nafasi ndani ya bomba, na bomba limejaa oili pomoni. Oili haibanwi kirahisi. Ukitumbukiza mkono kwenye ndoo iliyojaa maji, maji humwagika kuupisha mkono. Ndoo hiyo ikiwa imefungwa isiwe na pa kumwagikia, mkono hauingii. Rodi nayo haiingii. Mzigo utashuka kidogo, kisha utasimama.

Mzigo ukiendelea kushuka mpaka chini, basi oili imetoka nje ya jeki. Kama ardhi ni kavu na paipu ni kavu, imerudi kwenye tangi kupitia vali ya trekta. Vali nyingi za zamani huziba njia kwa kipande cha chuma kinachoteleza ndani ya tundu la chuma, bila mpira wowote kati yake. Mwanya uliopo ni mdogo sana, lakini upo hata vali ikiwa mpya, na miaka mingi ya oili yenye mchanga huupanua.

Hata hivyo sili mbovu ya pistoni haiachwi huru kabisa kwenye kesi hii. Rudi kwenye pistoni yetu ya milimita 80, uipe rodi ya milimita 40 na mzigo wa tani 2. Sili ikiwa nzima, uzito huo unakalia sentimita 50 za mraba, na shinikizo la oili ni kilo 40 hivi. Sili ikifa, oili inasukuma pistoni pande zote mbili, na kinachobaki kubeba mzigo ni unene wa rodi peke yake, sentimita 12 na nusu za mraba. Shinikizo linapanda hadi kilo 160, mara nne. Vali iliyokuwa ikivujisha kidogo sasa inavujisha zaidi, na paipu iliyochoka inaweza kupasuka. Kwa hiyo sili mbovu inaharakisha kushuka, ila tundu linalotolea oili liko kwingine.

Yapo mazingira ambapo sili ya pistoni ndiyo yenye kosa kweli. La kwanza ni pale mzigo unapoivuta rodi itoke badala ya kuisukuma iingie. Rodi inapotoka inaacha nafasi tupu ndani, na kinachoizuia ni hewa ya nje tu, nguvu ndogo. La pili ni jeki ya njia moja yenye pistoni ambayo upande wake wa mbele una hewa: oili iliyopenya pistoni hutokea kwenye tundu la kupumulia, nawe utaiona. La tatu ndilo linalowachanganya wengi, nalo ni jeki iliyofichwa ndani ya mwili wa trekta, inayoinua mikono ya nyuma ya kufungia plau. Mfumo huo wa mvumbuzi Harry Ferguson ulienea sana baada ya trekta la Ford 9N la mwaka 1939. Jeki yake ni ya njia moja, na oili ikipita kwenye pistoni inadondokea ndani ya trekta lenyewe bila mtu kuona. Plau lililofungwa kwenye mikono hiyo likishuka, sili ya pistoni ni mtuhumiwa halali, pamoja na vali.

Namna ya kutenganisha watuhumiwa ni hii. Kwa jeki ya nje ya njia mbili, toa rodi mpaka mwisho, zima injini, sogeza leva mbele na nyuma ili shinikizo liishe. Fungua paipu ya upande wa rodi, zibia ncha ya paipu kwa kizibo cha chuma kinachostahimili shinikizo, na weka chombo chini ya tundu lililobaki wazi kwenye jeki. Washa injini, sukuma leva polepole kana kwamba unatoa rodi, ambayo tayari imefika mwisho. Oili kidogo iliyobaki itadondoka kisha kukauka. Ikiendelea kutiririka, sili ya pistoni haifai. Isipotiririka, usiifungue jeki bado. Weka koki ya haidroliki kwenye paipu kati ya jeki na trekta, inua mzigo, kisha ifunge koki. Mzigo ukitulia, vali ya trekta ndiyo inayoachia. Jaribio la kwanza lina udhaifu mmoja: bomba lililolika katikati tu linaweza kufaulu pistoni ikiwa mwishoni. Wakati wote huo, chini ya mzigo pasiwe na mtu, na mzigo ukihitaji kukaa juu ukae juu ya magogo au stendi imara. Jeki haikuumbwa kushikilia uhai wa mtu.

Usiitafute oili kwa kiganja

Nasimama hapa kabla ya kwenda mbele. Tundu dogo kama ncha ya sindano kwenye paipu hutoa mshale wa oili usioonekana vizuri, na mshale huo hupenya ngozi. Shinikizo la kilo 7 tu kwa sentimita ya mraba linatosha kuchoma ngozi, na trekta lina zaidi ya mara kumi ya hapo. Aliyechomwa huona alama ndogo kama ya mwiba, pengine bila maumivu makubwa, akaendelea na kazi. Ndani ya mkono oili imeshasambaa na inaua nyama. Huyo anahitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, ndani ya saa chache, na amweleze wazi kwamba ni oili ya haidroliki iliyoingia kwa shinikizo. Akisubiri mkono uvimbe, anaweza kuupoteza. Kutafuta mvujo tumia kipande cha boksi au ubao, ukikipitisha mbali na mwili.

Mvujo wa nje

Osha jeki kwa sabuni ya kuondoa mafuta, ikaushe, ipake poda nyeupe, kisha ifanyishe kazi kidogo. Poda itakuonyesha ukweli. Kama oili inazunguka rodi, tazama sili ya rodi na rodi yenyewe. Ikitokea kati ya kifuniko na bomba, ni oringi. Ikitokea kwenye nati ya paipu, huenda jeki haina kosa lolote. Watu hupenda kuzungushia utepe mweupe wa mafundi bomba kwenye nyuzi za nati hizo. Kwenye haidroliki vipande vya utepe hukatika na kwenda kukwama ndani ya vali. Na ikitokea kwenye mshono wa kuchomelea, jeki ivuliwe kabisa, ifunguliwe na kusafishwa ndani kabla ya moto kuikaribia. Jeki iliyofungwa ikiwa na oili ndani, ikipashwa moto, inaweza kulipuka.

Utando mwembamba wa oili juu ya rodi si mvujo. Ndio unaolainisha sili. Tatizo ni pale utando unapokusanyika na kuwa tone.

Sasa rodi. Mng'ao wake ni tabaka la kromu ngumu lenye unene wa milimita 0.02 hadi 0.05 kwenye jeki nyingi, jembamba kuliko unywele wa kawaida. Kutu likipenya chini yake, kromu hubanduka na kuacha vishimo vyenye kingo kali. Pitisha ukucha juu ya rodi yote, hasa sehemu inayobaki nje mashine ikiegeshwa. Ukucha ukikwama, sili nayo inakwama, kila mara rodi inapoingia na kutoka. Weka sili mpya juu ya rodi hiyo na baada ya siku chache itakuwa imechanwa. Hapa ndipo watu wengi huanza kulaumu sili bandia, wakati rodi inaendelea kuzila moja baada ya nyingine.

Ukingo uliosimama unaweza kulainishwa kwa jiwe laini la kunolea lenye oili. Kishimo kidogo kimojawapo kinaweza kujazwa gundi ngumu ya chuma ya kuchanganya, kisha kikasawazishwa kwa msasa laini mpaka ukucha usihisi kitu. Mfereji mrefu au kutu lililotapakaa halitibiki hivyo. Fundi wa mashine ya kukerezea atakata rodi mpya kutoka kwenye chuma kinachouzwa kikiwa tayari kimepakwa kromu ngumu, achonge nyuzi na kuhamishia kichwa cha zamani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia ya kuokoa jeki ya mashine ambayo vipuri vyake havitengenezwi tena, kwa sababu bomba na kifuniko kwa kawaida vingali vizima.

Rodi inaweza pia kuwa imepinda. Izungushe juu ya bamba la kioo kilichonyooka. Mwanga ukipita chini yake unaonekana na kupotea, imepinda. Na kabla ya kufungua, itoe yote kisha itikise juu na chini kwa mkono. Ikicheza waziwazi, bushi inayoiongoza ndani ya kifuniko imelika, na rodi inaegemea upande mmoja wa sili. Sili si bushi. Haiwezi kubeba uzito wa rodi.

Sababu nyingine husahaulika kabisa. Kiunganishi cha paipu cha kuchomeka kwenye trekta, kile chenye kujifunga chenyewe, kikichomekwa nusu upande wa rodi, oili ya mbele ya pistoni inakosa pa kutokea. Pampu inasukuma uso mzima wa nyuma, na oili ya mbele inabanwa kwenye uso mdogo zaidi, kwa sababu rodi imechukua sehemu yake. Kwa pistoni ya 80 na rodi ya 40, shinikizo la mbele linazidi la pampu kwa theluthi moja. Rodi ikiwa nene zaidi, linaweza kufika mara mbili. Sili ya rodi inapasuka. Ikiwa sili yako hupasuka ghafla badala ya kuchakaa taratibu, anza kutazama viunganishi.

Kufungua na kupima

Kinachowashinda wengi ni kifuniko. Kuna cha nyuzi, hufunguliwa kwa spana ya pini, si kwa patasi na nyundo. Kuna cha bolti. Kuna kinachozuiwa na pete ya ndani: kwanza kisukume ndani kidogo, ndipo pete itoke. Na kuna cha waya, ambacho hupigwa nyundo mpaka kuharibika kwa sababu fundi hajui kama kuna waya. Ukiona ufa mrefu ubavuni mwa bomba karibu na mdomo wake, huenda ni hicho: zungusha kifuniko na waya utatokea kwenye ufa.

Pistoni ikigoma kutoka, usitumie upepo wa kompresa. Upepo hubanwa na kuhifadhi nguvu, kisha huiachia kwa mpigo, na rodi hutoka kama risasi. Ivute kwa mkono, au isukume kwa oili polepole.

Ukishafungua, chora mpangilio wa sili kabla ya kuzing'oa, zikielekea wapi. Kisha pima mifereji zinamokaa, yaani upana na kina chake, na upime rodi na bomba. Usipime sili ya zamani, kwa kuwa miaka ya oili na joto imeivimbisha au kuisinyaza. Na kumbuka mashine nyingi za zamani zilitengenezwa kwa inchi. Rodi ya inchi 2 ni milimita 50.8, si 50. Sili ya 50 italazimishwa ipite, itabana kupita kiasi, na itaungua mapema.

Mpira nao una asili yake. Sili za breki za magari mengi hutengenezwa kwa mpira unaovimba na kulainika ukiguswa na oili ya haidroliki ya kawaida, hata kama kipimo chake kinalingana. Omba sili za naitrili au poliuretheni, zinazostahimili oili hiyo. Mashine kongwe zaidi hukutwa na sili za ngozi, au pete kadhaa zenye umbo la V zilizopangwa pamoja. Hizo za V kwenye baadhi ya jeki hukazwa kwa nati ya kifuniko, na robo mzunguko inaweza kumaliza mvujo bila kufungua chochote.

Dawa za chupa za kuzuia mvujo hufanya kazi kwa kuivimbisha mipira. Zitakupa muda mfupi, na hazijui kuchagua: zinavimbisha kila mpira kwenye mfumo. Oili nzito kupita ile iliyoandikwa na mtengenezaji huiwia pampu vigumu kuivuta, hasa asubuhi, na kwenye matrekta mengi ya zamani oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha gia.

Mdomo wa sili uelekee wapi

Hili lina historia nzuri. Mwaka 1795 Joseph Bramah wa Uingereza alipata hataza ya mashine yake ya kubana kwa nguvu ya maji, iliyojengwa juu ya kanuni ya mwanasayansi Mfaransa Blaise Pascal kwamba shinikizo ndani ya kimiminika kilichofungiwa huenea sawa pande zote. Mashine ilisumbua kwa kuvuja palepale zinapovuja jeki za leo, kwenye shina la chuma linalotoka na kuingia. Suluhisho, ambalo wengi humsifia fundi wake Henry Maudslay, lilikuwa ngozi iliyokunjwa kama kikombe. Shinikizo likiingia ndani ya mkunjo linaipanua, na kadiri linavyopanda ndivyo ngozi inavyobana zaidi.

Sili yenye mdomo ya leo inafanya vivyo hivyo, kwa hiyo mdomo wake hutazama mahali shinikizo linapotoka, ndani ya jeki. Ikigeuzwa, oili inaukunja mdomo na kupita. Mpira wa kufuta vumbi ni kinyume chake, mdomo wake hutazama nje kwenye vumbi. Na ile pete ngumu inayowekwa pamoja na oringi hukaa upande usio na shinikizo, ili oringi isisukumwe ndani ya mwanya na kukatwa.

Wakati wa kufunga, sili nyingi hufa kabla hazijafanya kazi hata siku moja, zikichanwa na nyuzi za rodi au ukingo mkali wa bomba. Funika nyuzi kwa utepe laini, lainisha ukingo kwa msasa, paka oili safi kila mahali, na kama sili ni ngumu iloweke kwanza kwenye maji ya moto, kisha uikaushe. Ukuta wa ndani wa bomba uguse kwa kidole: vishimo vya kutu hapo huimaliza sili ya pistoni, na bomba huhitaji kusuguliwa na mashine ya kulainishia au kubadilishwa.

Jeki ikirudi mahali pake ina hewa ndani. Itoe na kuirudisha polepole mara kadhaa bila mzigo, injini ikizunguka taratibu, ukitazama kiasi cha oili kwenye tangi. Ukiipa mzigo mara moja, hewa iliyobanwa ghafla hupata joto kali linaloweza kuunguza sili mpya. Baada ya siku ya kwanza ya kazi, egesha mashine rodi zikiwa zimeingia ndani kadiri inavyowezekana, paka grisi sehemu iliyobaki nje, na asubuhi pitisha kitambaa cheupe chini ya kifuniko cha mbele.